Breki Nyekundu za Baba Getrude

Ndugu zangu wa Ifakara, nanyi wa ng'ambo ya mto, hadithi hii ni ya kwenu. Mwenye gari asogee karibu. Asiye na gari lakini hodari wa kucheka watu pale stendi asogee karibu zaidi, maana fungu lake humu ni kubwa kuliko anavyodhani. Mimi leo simwonei mtu haya.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, mpunga umetoka vizuri, kila nyumba ina magunia hadi mlangoni. Nyumba ya Fulgensi pale Lipangalala ilikuwa na amani ambayo jirani akipita anaitamani. Kila Jumapili, kabla ya misa ya pili, ungemkuta Fulgensi ameketi kwenye usukani wa Pijo lake, lile pikapu la rangi ya maziwa, mlango uko wazi na mguu uko juu ya pedeli ya breki. Mkewe Verediana alikuwa amelala juu ya gunia kando ya gurudumu la mbele, spana mkononi, khanga kiunoni.

"Kanyaga," Verediana alisema. "Kanyaga tena. Shika hapo hapo."

Fulgensi akashika. Verediana akalegeza kile kinipeli cha kutolea upepo, oili ya breki ikatoka na mapovu yake, akakaza.

"Achia."

Binti yao Getrude, mwenye miaka tisa, alikuwa kibarazani na kitumbua chake, akimwamrisha mbuzi wa jirani kwa maneno yale yale: kanyaga, shika, achia. Mbuzi hakushika chochote. Wakacheka wote watatu. Tone la oili liliporukia bodi ya gari, Verediana aliruka na kopo la maji akaliosha haraka.

"Hii kitu inakula rangi, baba Getrude. Ukiichelewesha, kesho unakuta bati tupu."

Huenda ukajiuliza mwanamke huyu alijifunzia wapi mambo haya. Usichana wake aliumalizia Kidatu, kwenye gereji ya mashamba ya miwa, akiosha spea kwa dizeli miaka saba. Aliajiriwa kuosha tu. Lakini fundi mkuu, mzee Raimundi, alikuwa mtu asiyejali kama anayeuliza swali amevaa suruali au gauni, na Verediana aliuliza maswali. Mzee yule alikuwa na sheria moja aliyoirudia kama sala: ukifungua kalipa, yaani kile chuma kizito kinachoibana diski ya breki, usikiache kikaning'inia kwa mpira wake, ule unaopitisha oili ya breki. Kifunge kwa waya. "Kalipa ni mzigo, mpira ni mshipa," alikuwa akisema. "Nani ananing'iniza mzigo kwenye mshipa?"

Hapo Kidatu ndipo Fulgensi alipomwoa Verediana. Fulgensi naye alikuwa mfanyakazi wa mashamba yale; walipompunguza kazini, alinunua lile Pijo bovu kwa kiinua mgongo chake, na kwa mikono ya mke wake likatembea, likabeba abiria wa stendi. Alilijua hilo, na hakuona haya kulijua.

Sasa sikilizeni ilivyoharibika. Jumapili moja madereva watatu wa stendi walipita Lipangalala wakitoka kuangalia ng'ombe wa kununua. Wakamwona Fulgensi kwenye usukani akiamriwa na sauti ya mwanamke kutoka chini ya gari. Walisalimia wakapita. Jumatatu Fulgensi alipofika stendi akakuta tayari amebatizwa.

"Shika Hapo Hapo, habari za asubuhi?"

"Shika Hapo Hapo, mama amekuruhusu leo?"

Jina lile lilitembea haraka kuliko gari. Wauza ndizi walilijua, wapiga debe walilijua, hata abiria wa Mlimba walishuka wakiuliza liko wapi gari la Shika Hapo Hapo. Nawe msomaji, kama ulikuwepo stendi mwaka ule, ulicheka. Usiniangalie hivyo, ulicheka.

Fulgensi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa kuchekwa, na mtu wa namna hiyo anaweza kufanya ubaya mkubwa bila kukusudia. Jumapili iliyofuata Verediana alitandika gunia lake, akakuta gari halipo. Jumapili ya pili vilevile. Alipouliza, aliambiwa breki ziko sawa, na kwamba baba wa nyumba si mtoto wa kufundishwa kukanyaga.

Ndipo kalenda ikaingia. Ilitundikwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mzee Haruni, mtu wa pwani aliyehamia kwetu zamani. Ilikuwa na picha ya gari la nje, limelala chini kama kenge, rimu zake zina matundu makubwa, na ndani ya matundu zinaonekana kalipa nyekundu kabisa. Fulgensi alisimama mbele ya picha ile mpaka wateja wakampita mara mbili.

"Hilo la mashindano, bwana Fulgensi," mzee Haruni alimwambia. "Wenyewe gari moja wana mafundi kumi. Wewe una wangapi?"

"Una rangi ya aina gani hapa?" Fulgensi akajibu, bila hata kusikia swali.

"Nyekundu ipo ya mafuta. Ya milango na mageti."

"Hiyo hiyo."

Alichagua siku Verediana na Getrude walipokwenda shambani kubeba mpunga wa mwisho. Akapandisha Pijo kwenye jeki na magogo, akafungua magurudumu ya mbele. Akafungua kalipa zote mbili azipake pande zote, maana upande wa ndani nao alitaka ung'are, ingawa hakuna wa kuuona. Akafuta vumbi kwa tambara la mafuta ya taa, akachovya brashi. Alipaka kalipa, akapaka mabano yake, na mkono ulipozoea akapaka mpaka mipira ya breki, kwa kuwa mweusi katikati ya wekundu ulimkera.

Verediana alirudi jua limeanza kupoa, mzigo wa mpunga kichwani. Aliziona kalipa mbili zimening'inia kwa mipira yake, nyekundu, zikichuruzika rangi kwenye mchanga. Akatua mzigo bila kuomba msaada.

"Baba Getrude, zimening'inia toka saa ngapi?"

"Toka asubuhi. Zinakauka. Pole na shamba."

"Hujafunga waya."

"Waya wa nini? Haziendi popote."

Verediana hakubishana zaidi. Alikata waya wa kuanikia nguo, akapiga magoti, akaanza kuifunga kalipa ya kwanza juu, ili mpira upumzike. Fulgensi akauvuta waya ule mkononi mwake akautupa migombani.

"Hapa si Kidatu," alisema. "Na huyo Raimundi wako amekwisha kufa. Hii gari ni ya nani?"

"Ni yako. Lakini watakaopanda ni watu."

"Basi watapanda gari inayopendeza."

Alizirudisha kalipa rangi haijakauka vizuri. Akavisha zile rimu za matundu alizozitafuta kwa wiki mbili, akasogea nyuma hatua tano, akaangalia, na uso wake ukawa wa kijana aliyepata barua ya mchumba. Verediana aliyaona hayo pia. Alimpenda mumewe, na kumwona amefurahi kwa jambo la kijinga kiasi kile kulimuuma kuliko kumwona amekasirika.

Stendi ikapindua ulimi, kama kawaida yake. Watu walewale waliomwita Shika Hapo Hapo sasa walichuchumaa kuchungulia magurudumu. Kufika katikati ya juma ana jina jipya: Breki Nyekundu. Abiria walilichagua gari lake na kuacha mengine. Kila asubuhi Fulgensi alilowesha kitambaa akafuta vumbi kwenye kalipa, kwa upole ambao Getrude hakuwahi kuuona akipanguswa pua.

Wiki mbili hazikuisha. Rangi ya gurudumu la kulia ikaanza kubabuka. Ilivimba kwanza, halafu ikajikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, chuma kikatokeza. Kushoto ilikuwa imeganda vilevile. Fulgensi akakimbilia kwa mzee Haruni na kopo mkononi.

"Umeniuzia rangi iliyooza."

Mzee Haruni alilichukua kopo akaliweka chini. Alimshika mkono akamtoa nje, akamwonyesha mlango wa duka uliopakwa kutoka katika boksi lile lile. Akachukua msumari akaukwaruza. Rangi haikutoka.

"Rangi haina kosa, bwana. Tazama kinachoila."

Maneno hayohayo Verediana aliyasema nyumbani, bila kujua yalikwisha kusemwa dukani. Alikuwa amepitisha kidole kwenye mpira wa kulia, pale unapopinda. Kidole kikatoka chekundu na chenye utelezi.

"Hapa panavuja. Mpira umechanika kwa ndani siku ile ulipobeba kalipa. Umepaka rangi juu ya ufa, na sasa oili inakurudishia rangi yako. Fungua, tununue mpira mwingine. Mimi nitafunga, wewe utakanyaga."

Alitumia neno baya, maskini. Hilo la kukanyaga.

"Sikanyagi," Fulgensi alisema. "Sitakanyaga tena kwa amri ya mtu, umenisikia? Ni rangi tu."

Akapaka upya. Ilipobabuka tena akapaka tena. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sijui wangesemaje juu ya mtu anayeupaka ufa rangi ili upendeze. Breki za nyuma za Pijo lile zilikuwa zimechoka siku nyingi, na breki ya mkono ilikuwa gogo linalowekwa kwenye tairi. Gari zima lilikuwa linashikiliwa na mpira ule.

Verediana alikwenda stendi mwenyewe. Alimwambia fundi wa pale alikague gari, akaambiwa na kundi zima arudi akaangalie ubwabwa usiungue. Akarudi. Lakini alipofika nyumbani aliweka sheria moja, mbele ya mumewe, kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

"Wewe ni mtu mzima, fanya unavyotaka na roho yako. Getrude hapandi gari lile."

Fulgensi akanyamaza, Verediana akadhani amekubali.

Mwezi wa tisa ukafika na harusi ya Brigitha, mdogo wake Fulgensi, aliyeposwa Lupiro, ng'ambo ya mto. Ndoa ingefungwa huko Jumamosi saa sita, na ukoo uliamua bibi harusi aende na Breki Nyekundu. Getrude alichaguliwa kumshikia maua. Verediana alisema mtoto atakuja naye kwa baiskeli, na maua atayashika kanisani, hakuna aliyefunga ndoa barabarani. Mashangazi wakaguna.

Asubuhi ile, wakati Verediana yuko nyuma ya nyumba akiwapokeza majirani masufuria ya kupakia kwenye mkokoteni, alisikia vigelegele na mngurumo. Alipozunguka mbele akakuta vumbi. Shangazi Perpetua, dada mkubwa wa baba yake Fulgensi, alikuwa amemshika Getrude mkono akampandisha nyuma ya pikapu karibu na bibi harusi. Mtoto wa watu asikose raha kwa ukaidi wa mama yake, ndivyo alivyosema.

Verediana hakulia. Alichukua baiskeli, akapandisha gauni la harusi hadi magotini akalifunga kwa khanga, akatia mguu. Barabara ya kwenda Kivukoni ni tambarare, gari linaweza kwenda pale lisiombe breki hata mara tatu, na hilo alilijua. Alijua pia kinachofuata mwisho wa tambarare. Kiangazi mto ukishuka, ile njia ya udongo inayoteremka kwenye pantoni huwa ndefu na kali, na mbele yake ni maji. Alipiga pedeli akimwambia Mungu maneno ambayo siyaandiki, kwa kuwa hayakuwa ya kuomba. Yalikuwa ya kudai.

Alimshukuru baadaye kwa foleni ya kivukoni. Pijo lilikuwa la pili ukingoni, gogo liko mbele ya tairi, watu kumi na wanne wamejazana nyuma wakiimba. Katikati yao alikaa Brigitha kwenye kiti cha kukunja, na mapajani pake Getrude na maua. Gari la mbele lilikwisha kuingia pantonini. Hermenegildi, mhudumu wa kivuko, alikuwa anampungia Fulgensi ashuke.

Verediana alipenya kati ya watu, akaitupa baiskeli yake chini mbele ya magurudumu yale mekundu. Nyimbo zikakatika.

"Mama Getrude, toa baiskeli," Fulgensi alisema kutoka dirishani, akijaribu kutabasamu kwa ajili ya watu.

"Sitoi. Shusheni watu."

"Usiniaibishe siku ya mdogo wangu."

"Nitakuaibisha leo, na kesho, na nikiitwa mahakamani nitakuaibisha na huko. Shusheni watu. Getrude, shuka."

Shangazi Perpetua alisimama nyuma ya pikapu, akashika ubavu. "Mkaza mwana wetu ana wivu tangu alipoona sherehe si yake. Bibi harusi wetu akishatoka kwao hakanyagi chini mpaka kwa mumewe. Unataka kumtia nuksi?"

"Shikamoo, shangazi," Verediana alijibu. Heshima alikuwa nayo hata akiwa na hasira. "Nuksi iko huku chini. Nikuonyeshe."

Akapiga magoti na gauni lake, akapenyeza mkono nyuma ya gurudumu la kulia, akautoa. Kiganja kizima kilikuwa chekundu, na rangi imekunjamana juu yake kama ngozi. Akauinua watu wote waone.

"Hii amepaka juzi. Rangi hiyohiyo iko mlangoni kwa mzee Haruni, haitoki hata kwa msumari. Hii inatoka kwa mkono, kwa sababu oili ya breki inaila. Breki ya gari hii inamwagika. Mimi nimeosha kalipa miaka saba, najua ninachokisema, na asiyenijua aniulize. Hermenegildi, kaka yangu, kibao hicho nyuma yako kimeandikwa nini?"

Hermenegildi aliangalia viatu vyake. Siku za harusi huwa anakisahau kibao kile. "Kimeandikwa abiria wote washuke kabla gari haijaingia kivukoni."

"Soma kwa sauti."

Akakisoma kwa sauti.

Bado hakuna aliyeshuka. Mmoja alimwangalia mwenzake, kila mtu akingojea mwingine aanze kuonekana mwoga. Ndipo Brigitha alipovua viatu vyake vyeupe akampa Getrude avishike pamoja na maua.

"Wifi yangu hajawahi kunidanganya," alisema. "Shangazi, nisamehe, nakanyaga chini. Afadhali niolewe na vumbi miguuni."

Aliruka, akamshusha Getrude. Wakafuata wengine, wakinung'unika, wa mwisho shangazi Perpetua aliyeshushwa kama gunia na bado anasema. Verediana alimshika mwanawe, akamweka nyuma yake, halafu akaufuata mlango wa dereva.

"Na wewe shuka, Fulgensi. Tafadhali."

Hakumwita baba Getrude. Alimwita jina lake, kama Kidatu. Fulgensi akamtazama, akawatazama watu ukingoni wote wanaomtazama, na ndani ya uso wake ungeweza kuliona lile jina la zamani likirudi.

"Mmeshuka wote? Haya. Tazameni breki."

Wanaume wawili wakamvuta Verediana pembeni, wakaitoa na baiskeli, eti amwache mwenzake afanye kazi. Gogo likaondolewa. Pijo likateremka.

Mara ya kwanza breki ilishika, na Fulgensi akatoa mkono dirishani kuwapungia. Mara ya pili pedeli ilizama hadi chini. Watu waliiona taa nyekundu ya nyuma imewaka na gari linazidi kasi. Aliingiza gia, gia ikalia, akakata usukani asiwagonge waliokuwa pantonini, na hilo tumpe haki yake. Pijo lilipita ubavuni mwa pantoni, likagonga chuma cha ukingo, likaingia mtoni kichwa mbele.

Wavuvi wenye mitumbwi walifika kabla maji hayajafunika paa. Verediana alikuwa ameingia mtoni hadi kifuani, mto wenye mamba, akiwaelekeza mlango upi unafunguka. Walimtoa Fulgensi hai, paja limevunjika mara mbili. Nyuma ya pikapu, pale walipokaa watu kumi na wanne, maji yalipita juu yakabeba kile kiti cha kukunja. Yakaenda nacho taratibu, kila mtu anakiangalia. Shangazi Perpetua aliketi chini kwenye udongo.

Brigitha alivuka, akafunga ndoa saa tisa badala ya saa sita, pindo la gauni limejaa tope. Getrude alishika maua. Nuksi aliyotabiriwa bado tunaisubiri; mpaka leo ana watoto wanne na mume asiyejua kupaza sauti.

Hospitalini Fulgensi alifungwa plasta paja zima. Siku ya tano alisema akiangalia dari.

"Nilijua. Nilipopaka mara ya pili, oili ilinigusa kidole. Nikajua kabisa. Nikaona ni rahisi kufa kuliko kuitwa tena lile jina."

"Ungekufa peke yako ningekulilia," Verediana alimjibu. "Lakini uliondoka na mwanangu garini. Ulijua, ukaondoka naye. Sijakusamehe, Fulgensi. Nitakusamehe, naijua roho yangu. Ila si leo, na wala si kwa sababu umefungwa plasta."

Alimlisha uji wake wote ndipo akaondoka.

Trekta lilipolivuta Pijo kutoka mtoni, Verediana aliukata ule mpira kwa mkono wake. Ulikuwa umepasuka pale pale ulipopinda siku ya kuning'inia. Akaenda nao stendi, mchana kweupe, akauweka juu ya benchi wanalokaa madereva, katikati ya vikombe vya kahawa.

"Mlimpa mume wangu majina mawili," alisema. "La kwanza lilikuwa la kweli na halikumdhuru mtu. La pili mlilitunga kwa kusifia rangi, na lingeua watu kumi na wanne. Huu mpira nawaachia. Anayetaka kucheka aushike kwanza."

Hakuna aliyeushika. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi siku zote tukadhani mkuu lazima awe na ndevu.

Miezi ikapita. Verediana alitandika gunia lake kando ya barabara pale Kibaoni, chini ya bati alilolikalisha juu ya nguzo nne, akaandika ubaoni kwa chaki: BREKI. Wiki za kwanza walikuja wenye baiskeli tu. Halafu dereva mmoja wa wale watatu wa Jumapili ile akaja na Landrova lake, akajifanya amepotea njia. Verediana hakumsuta. Alifungua, akasafisha, akabadilisha, na kalipa akaifunga juu kwa waya. Ikabaki kutoa upepo, kazi ya watu wawili.

"Nani atanikanyagia?"

Palikuwa na watu wengi, basi la Mahenge limesimama pale. Dereva akaanza kukohoa. Madereva wenzake wakaangalia pembeni. Fulgensi alikuwa ameketi kwenye tairi bovu na magongo yake. Akainuka. Ilimchukua muda kufika kwenye usukani, na muda mwingine kuupandisha mguu wake mzima kwenye pedeli.

"Kanyaga," sauti ilitoka chini ya gari. "Kanyaga tena. Shika hapo hapo."

Mtu mmoja kwenye basi akacheka. Fulgensi alitoa kichwa dirishani, akamtazama mtu yule usoni, halafu akajibu kwa sauti ya kusikika hadi stendi.

"Nimeshika hapo hapo, mama Getrude."

MAFUNZO

Ndugu zangu, msiende nyumbani mkasema hadithi hii imekataza kupaka gari rangi. Paka. Paka hata matairi ukitaka. Ila kagua kwanza unachokipaka, maana rangi haijawahi kuziba mpira uliochanika, na sifa za watu hazijawahi kusimamisha gari.

Mwenye ujuzi ndiye mkuu wa kazi hiyo, awe mkeo, awe mama yako, awe mwosha spea. Kumsikiliza hakukupunguzii uanaume hata kidogo. Paja la Fulgensi ni shahidi. Nawe mwanamke unayejua unachokijua, usikiseme mara moja ukanyamaza ili upendwe. Kitupe chini mbele ya magurudumu.

Na ninyi wa stendi, mnaogawa majina bure: mwenzenu aliona afadhali kuzama kuliko kuchekwa nanyi. Hesabuni basi vicheko vyenu, kisha mniambie kipi kati ya hivyo kingemrudisha Getrude kutoka mtoni.